Uliza Fundi: Flaiwili nyepesi na zile mita 20 za kwanza

Swali: Salaam wataalamu. Nina Mark II ya JZX100, injini 1JZ-GTE, giaboksi R154 ya gia tano, difu ya 4.1. Naliandaa gari kwa mbio za dragi, mita 400. Nimepewa bei za flaiwili tatu: yangu ya zamani ya kilo 9 iliyosafishwa, ya chuma cha pua (steel) ya kilo 6, na ya alumini ya kilo 4.5. Muuzaji anasema nichukue iliyo nyepesi kuliko zote, gari litaruka. Nichukue ipi? *Msomaji, Area D, Dodoma*

Jibu: Ndugu yetu, iache ya kilo 4.5. Gari lako ukiwa ndani yake linakaribia kilo 1,500, na linaondoka likiwa limesimama kabisa. Flaiwili nyepesi kupita kiasi itakunyima nguvu palepale unapoihitaji, katika mita 20 za kwanza.

Flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini), ni ghala. Ukiwa umekanyaga klachi na injini inalia kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, nguvu imeshahifadhiwa ndani ya kile chuma kinachozunguka. Flaiwili ya kilo 9 yenye nusu kipenyo cha sentimita 14, tukichukulia uzito wake umetawanyika sawasawa, inabeba takriban kilojuli 17 kwenye mizunguko hiyo. Ya kilo 4.5 yenye umbo hilohilo inabeba nusu yake. Ukiachia klachi na mizunguko ikashuka kutoka 6,000 hadi 4,000, flaiwili nzito inatema karibu kilojuli 9.7. Hizo zinatosha kulipeleka gari lako kutoka sifuri hadi kilomita 13 kwa saa, kabla ya kutoa kinachopotea kama joto kwenye klachi. Nyepesi inakupa kama kilomita 9. Na nguvu hiyo umeijaza kabla taa ya kijani haijawaka, wakati saa haijaanza kuhesabu.

Baada ya hapo hesabu inageuka. Gari likishatembea, kila gia injini inalazimika kuizungusha flaiwili upya, na hapo uzito unakula muda wako. Kwa uwiano wa R154 (3.251, 1.955, 1.310 na 1.000), difu ya 4.1 na tairi ya nusu kipenyo cha sentimita 31, kuipunguza flaiwili kutoka kilo 9 hadi 4.5 ni sawa na kulipunguza gari kilo 81 ukiwa gia ya kwanza. Gia ya pili ni kilo 29, ya tatu kilo 13, na ya nne haifiki kilo 8. Umeona inavyoporomoka. Faida kubwa iko gia ya kwanza, na gia ya kwanza ndiyo hiyohiyo unayoondokea. Kwa hiyo gari likizama wakati wa kuondoka, yaani mizunguko ikianguka na nguvu ikaisha, ulichokipata kwenye kuongeza mwendo umeshakirudisha.

Kwa injini yako kuna jambo la pili. 1JZ-GTE ina tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na mizunguko ikianguka chini ya pale tabo inapoanza kusukuma, injini inabaki inapumua hewa ya kawaida tu mpaka ipande tena. Flaiwili nyepesi huiangusha mizunguko haraka zaidi. Dereva ataitafsiri hali hiyo kama "injini haina nguvu", kumbe ghala lilikuwa tupu.

Tunakushauri uchukue ya chuma ya kilo 6. Anza kuondokea kwenye mizunguko 4,500, kisha panda 300 kila jaribio. Gari likizama, panda. Tairi zikizunguka bure, shuka. Ukipunguza uzito wa kuzunguka hadi nusu, kupata akiba ileile inabidi mizunguko izidishwe mara 1.4, yaani aliyekuwa akiondokea 5,000 atahitaji karibu 7,000. Jiulize kama klachi na shafti zako zinauweza mshtuko huo kila jioni ya mazoezi.

Usisahau pia uko wapi. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lilelile, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye tabo inaziba sehemu ya pengo, lakini tabo nayo inachelewa kuamka. Mipangilio uliyonakili kwa rafiki wa Pwani itakuwa pungufu huku. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia flaiwili nyepesi kuliko zote.

Yote haya tunayasema kwa mbio za kwenye barabara iliyofungwa, yenye kibali na gari la wagonjwa pembeni. Barabara ya Singida au ya Iringa usiku si mahali pake.

Swali: Muuzaji ananitajia kilo tu. Nimesikia kuna kitu kinaitwa inesha ambacho ndicho cha kuangalia. Nitakijuaje wakati hakikuandikwa kwenye boksi? *Msomaji, Kibaigwa*

Jibu: Umesikia sawa. Inesha ni ule ugumu wa kitu kuanza kuzunguka, na ugumu wake wa kusimama kikishazunguka. Inategemea uzito, na zaidi inategemea uzito huo umekaa wapi. Kilo moja iliyokaa sentimita 13 kutoka katikati inafanya kazi ya karibu kilo 7 zilizokaa sentimita 5. Ndiyo maana flaiwili mbili za kilo 6 zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

Unaweza kuipima mwenyewe kwa waya tatu, mizani na saa ya simu. Tafuta boriti imara. Funga waya tatu nyembamba zenye urefu sawa, tuseme mita 1.5, kwenye matundu matatu ya boliti za presha pleti (kile kifuniko chenye springi kinachoibana klachi) yaliyoachana sawasawa. Kule juu zifungwe kwa nafasi zilezile ili waya zishuke wima. Flaiwili ilale usawa kama sahani ya chai; weka pima maji juu yake uhakikishe. Izungushe kidogo kwa vidole, kama nyuzi 10, uiachie. Itajipinda kwenda na kurudi taratibu. Ikianza kuyumba kama bembea, isimamishe uanze upya, maana tunachotaka ni kujipinda tu. Hesabu mipindo 20 kamili ya kwenda na kurudi, kisha gawa muda kwa 20.

Hesabu yake: zidisha uzito (kilo) kwa 9.81, kwa umbali wa waya kutoka katikati uliozidishwa kwa wenyewe (mita), kwa muda wa mpindo mmoja uliozidishwa kwa wenyewe (sekunde). Jibu ligawe kwa 39.5 mara urefu wa waya (mita).

Mfano: flaiwili ya kilo 6, waya ziko mita 0.12 kutoka katikati, urefu mita 1.5, mipindo 20 imechukua sekunde 39. Mpindo mmoja ni sekunde 1.95. Jibu ni kilo-mita mraba 0.054. Nyingine ya kilo 6 hizohizo ikimaliza mipindo 20 kwa sekunde 35, inesha yake ni 0.044. Tofauti ni karibu asilimia 20, na mizani ya dukani isingekuonyesha hata chembe. Ukipima na ile ya zamani kwa waya hizohizo, utajua unaondoa kiasi gani hasa.

Muuzaji akikuruhusu kuipima kabla ya kulipa, huyo ni wa kurudi kwake.

Swali: Fundi mmoja wa kukereza vyuma Kizota ameniambia niache kununua, ataipunguza flaiwili yangu ya kiwandani kwenye mashine mpaka ifike kilo 5. Bei yake ni ndogo sana. Kuna ubaya? *Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Jibu: Upo, na ni wa kukata miguu.

Flaiwili nyingi za kiwandani ni za chuma cha kasti, kile cha kumiminwa. Chuma hicho kinavumilia sana kugandamizwa ila ni dhaifu kikivutwa, na kitu kinachozunguka kinajivuta chenyewe kutoka katikati. Kwenye mizunguko 8,000 ukingo wa flaiwili ya nusu kipenyo cha sentimita 14 unakimbia mita 117 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 420 kwa saa. Ikipasuka, vipande vinatoboa belihauzi ya alumini, lile ganda linalofunika klachi, na belihauzi iko jirani na miguu yako. Mvuto huo unakua kwa mraba wa mizunguko: kutoka 6,000 hadi 8,000 haukui kwa theluthi, unakua kwa karibu asilimia 78.

Kwanza ujue unachokishika ni chuma gani. Gusisha mgongo wa flaiwili kidogo kwenye jiwe la kunolea. Kasti inatoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia, zinazokufa karibu na jiwe. Chuma cha pua kinatoa cheche ndefu za njano zinazong'aa na kupasuka mwishoni. Kwenye mashine ya kukereza utaona tena: kasti inatoka kama unga mweusi unaochafua mikono, chuma cha pua kinatoka kwa misokoto mirefu kama maganda ya chungwa.

Ikiwa ni kasti na injini yako inapita 7,000, msimamo wetu ni huu: isipunguzwe kabisa, isafishwe uso tu. Kusafisha uso ni kutoa milimita 0.3 hadi 0.5, siyo zaidi ya kinachotakiwa kufuta mikwaruzo. Kama flaiwili ina ngazi, yaani pale presha pleti inapokaa pamepishana kimo na uso wa klachi, toa kiasi kilekile sehemu zote mbili. Ukikata uso wa klachi peke yake, presha pleti haitabana inavyotakiwa, klachi itateleza na utailaumu klachi.

Ikiwa ni chuma cha pua, kuna kinachoweza kutolewa mgongoni, kwenye unene wa ukingo. Usiguse eneo la boliti za kranki. Usipunguze unene nyuma ya uso wa klachi. Usiache kona kali. Kila kona iwe na mviringo wa milimita 3 au zaidi, kwa sababu ufa huanzia konani. Na usikubali kutobolewa matundu ya "kuipunguza uzito": kila tundu ni mwaliko wa ufa.

Baada ya kukereza lazima isawazishwe kwenye mashine ya kusawazisha. Gramu 10 zilizozidi upande mmoja, sentimita 13 kutoka katikati, kwenye mizunguko 8,000 zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 93. Nguvu hiyo inapiga beringi za kranki zaidi ya mara 130 kila sekunde. Kwa flaiwili ya kilo 4.5 tunataka ukingoni ibaki tofauti isiyozidi robo gramu. Kwa macho na vidole hufiki hapo.

Ukinunua mpya ya mbio, tafuta alama ya SFI 1.1 iliyogongwa au kubandikwa juu yake. Ni kiwango cha Marekani cha flaiwili na klachi za mashindano. Chama cha mbio za dragi cha huko, NHRA, kinadai flaiwili yenye kiwango cha SFI pamoja na ngao ya chuma kuizunguka kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au pungufu. Gari lako likikaribia muda huo, weka ngao, hata kama hapa hakuna atakayekukagua.

Swali: Mimi nina Subaru Forester yenye tabo, manual, inayovuta miguu yote minne. Ushauri wa flaiwili nzito unanihusu? *Msomaji, Manyoni*

Jibu: Unakuhusu nusu. Gari linalovuta tairi nne halipotezi nguvu nyingi kwa tairi kuzunguka bure, kwa hiyo ukiachia klachi ghafla sehemu kubwa ya mshtuko inaishia ndani ya giaboksi. Flaiwili nzito ikitema ghala lake lote kwa mpigo, meno ya gia ya kwanza na ya pili ndiyo yanayolipa. Kwa giaboksi ya gia tano ya Subaru tungechagua flaiwili ya katikati, inesha pungufu ya ile ya kiwandani kwa robo au theluthi, na dereva ajifunze kuiachia klachi kwa kuiteleza kidogo kabla ya kuifunga.

Kuiteleza kuna gharama yake, nayo ni joto. Flaiwili nyepesi ina chuma kidogo cha kulinywa, hivyo joto lilelile linaipandisha zaidi. Ukimaliza mwendo mmoja, mpe dakika 15 kabla ya mwingine. Kwa jua la mchana wa Dodoma ongeza. Ukishusha giaboksi ukakuta madoa ya bluu kwenye uso wa flaiwili, ilishaungua. Nyufa nyembamba kama unywele zinazotoka katikati kwenda nje zinamaanisha iondoke garini.

Swali: Gari langu ni otomatiki. Naweza kuweka flaiwili nyepesi? *Msomaji, Ipagala*

Jibu: Hapana, kwa sababu huna. Otomatiki ina bamba jembamba lenye meno ya stata, na uzito wote wa kuzunguka uko kwenye toki konveta iliyojaa oili, inayofanya kazi ya klachi. Ukitaka kubadili tabia ya kuondoka, zungumza na fundi kuhusu konveta. Na ukija kuhamia manual, nunua boliti za flaiwili za manual. Za lile bamba huwa fupi kwa kuwa bamba ni jembamba. Nunua pia beringi ndogo ya katikati ya kranki inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi.

Swali: Nimefunga flaiwili ya alumini kwenye gari la injini ya lita 2. Matatizo matatu: gari linatetemeka kuanzia mizunguko 4,500, klachi inaruka-ruka nikiondoka taratibu, na likiwa nyutro giaboksi inapiga karakara inayonyamaza nikikanyaga klachi. Nimedanganywa? *Msomaji, Singida*

Jibu: Dada au kaka yetu, hayo ni mambo matatu yenye vyanzo tofauti.

Karakara ni tabia ya flaiwili nyepesi. Kila mlipuko ndani ya silinda unaisukuma kranki kwa kishindo, na uzito wa zamani ulikuwa unavifuta vile vishindo. Sasa vinafika kwenye gia zisizo na mzigo, zinagongana. Ukikanyaga klachi shafti ya giaboksi inasimama, kelele inaisha. Pandisha sailensa, yaani mizunguko ya injini ukiwa hujakanyaga mafuta, hadi 900 au 950, na hakikisha pleti ya klachi ni ya springi, siyo ile ngumu isiyo nazo. Haitaua giaboksi.

Mtetemo ndio wa kushughulikia leo. Kabla ya kulaumu usawazishaji, angalia ilivyokaa. Kipande cha kutu au rangi chenye unene wa milimita 0.05 kati ya kranki na flaiwili, sentimita 4 kutoka katikati, kinakuwa karibu milimita 0.16 kwenye uso wa klachi. Kikomo ambacho watengenezaji wengi wa magari ya Kijapani hutoa ni 0.10. Ishushe. Piga uso wa kranki kwa msasa mwembamba, ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, upitishe ukucha kuzunguka kila tundu la boliti: ukucha ukikwama, pana kinundu, kisugue. Hakikisha pini ya kuongozea imeingia mpaka mwisho.

Weka boliti mpya. Kama matundu ya kranki yamepenya hadi kwenye oili, paka gundi ya kuzuia uvujaji kwenye nyuzi, la sivyo oili itapanda na kulowesha klachi. Kaza kwa kuvuka, boliti moja kisha ya upande wa pili, kwa awamu tatu, na spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, siyo cha injini ya jirani. Kisha weka dayo geji, kile kipimo cha saa kinachosoma sehemu ndogo za milimita, sindano iguse uso wa klachi karibu na ukingo, zungusha kranki taratibu ukiwa umeisukuma upande mmoja muda wote. Bila kuisukuma, uchezaji wa kranki mbele na nyuma utakudanganya. Ikizidi 0.10, fungua ugeuze kama pini inaruhusu, upime tena. Ikishindikana, ipeleke kusawazishwa pamoja na presha pleti yake, na weka alama kwa patasi kwenye zote mbili ili zirudi zilivyokuwa.

Klachi kuruka-ruka mara nyingi ni mafuta. Flaiwili mpya huja na oili ya kuzuia kutu, na fundi akiifuta kwa kitambaa cha gereji anaisambaza tu. Isafishe kwa brek klina mara mbili, kila mara na kitambaa kipya, na usiguse uso kwa vidole. Kwenye flaiwili ya alumini kagua pia ile sahani ya chuma inayosuguana na klachi: skrubu zake zote ziwe zimezama chini ya uso, na sahani isicheze ukiibonyeza kwa kidole gumba. Angalia sili ya nyuma ya kranki ukiwa hapo. Ikiwa na unyevu wowote, badilisha, kwa sababu kazi ya kufika hapo umeshaifanya.

Ukirudisha presha pleti, kaza boliti zake nusu mzunguko kwa kuvuka, usimalize moja kabla ya nyingine, maana kifuniko kinapinda. Halafu endesha kawaida mjini kilomita 500 hadi 800 bila kuondoka kwa kishindo hata mara moja. Matuta ya Dodoma na Singida yatakupa kukanyaga klachi kwa kutosha.